Mkiachana mtoto anabaki na nani? Mambo ya kufanya kabla hujamwona hakimu

Afisa ustawi wa jamii, yule anayemwandikia hakimu ripoti kuhusu mtoto, alikaa kwenye kochi langu, soda akakataa, akafungua daftari akaniuliza mwanao anavaa kiatu namba ngapi. Nikasema ishirini na tisa hivi, au thelathini. Akaandika. Mwalimu wake wa darasa anaitwa nani? Nikasema ni yule mama mmoja mnene hivi, jina limenitoka. Akaandika tena. Mara ya mwisho alipougua mlimtibia wapi na alipewa dawa gani? Hapo nikabaki namwangalia tu, maana mara ya mwisho alipougua mi nilituma hela kwa simu nikarudi kwenye biashara zangu.

Na mimi nilikuwa nimejiandaa kwelikweli jamani. Nilikuwa na risiti za ada, nilikuwa na barua ya serikali ya mtaa, nilikuwa na skrinishoti za mama watoto akinitukana, nilikuwa na shahidi wa kusema anarudi nyumbani saa sita usiku. Nimebeba bahasha nzima ya kumchafua mwenzangu, na yule dada hakuiomba hata karatasi moja. Alichotaka kujua ni nani anamwamsha mtoto asubuhi.

Naandika haya kwa sababu kila wiki dukani kwangu (nauza spea, mi si wakili) hakosi mtu anayeniuliza nilifanyaje, na wengi wanafanya makosa yaleyale niliyofanya mimi. Ninayosema ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana utaratibu wao na Mahakama za Kadhi, na ndugu zetu wa Kenya nao wana sheria zao, msije mkachanganya.

Kosa langu la kwanza ndo kosa la wanaume wengi na kina mama wengine pia, kumbeba mtoto. Ijumaa moja nilimchukua binti shuleni nikampandisha basi mpaka Morogoro kwa mama yangu, alikuwa na miaka sita, nikajiambia huko atakuwa salama mpaka mambo yaishe. Alikaa wiki tano hajaenda shule. Mi nilidhani ukishakuwa na mtoto mkononi umeshinda, kumbe ndo unajichimbia, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamwambia hakimu wazi kabisa aangalie ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamishahamisha, na Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inataka mtoto aendelee kulelewa bila kukatishwakatishwa, na inakataza kumchukua mtoto kinyume cha sheria kwa mtu mwenye haki ya kukaa naye. Kwa hiyo mtoto aache palepale alipo, shule ileile, kitanda kilekile, wewe ndo uhame kama kuhama kunahitajika. Isipokuwa kuna kipigo au mtoto anaguswa vibaya. Hapo usisubiri kikao chochote, nenda polisi Dawati la Jinsia na Watoto au piga 116, ni namba ya bure ya huduma kwa mtoto, na ukitibiwa kwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, hakikisha unabaki na kopi.

Haya, tuje kwenye hadithi ya miaka saba. Huku mtaani kila mtu ni mwanasheria, utaambiwa mtoto chini ya miaka saba ni wa mama, akifika saba anakuwa wa baba, unaenda tu na begi unamchukua. Nusu ya kwanza ina ukweli, ya pili watu wamejitungia. Sheria inasema mtoto aliye chini ya miaka saba inachukuliwa kwamba ni vizuri awe na mama yake, ila hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi, yaani baba akionyesha kwamba kwa mama hapafai, hakimu anaweza kuamua vingine. Akishafika saba hakuna mahali palipoandikwa sasa ni zamu ya baba. Kinachoangaliwa ni maslahi ya mtoto basi. Na kina mama na nyie msijisahau, ile saba siyo hati miliki, nimeshaona baba kapewa mtoto wa miaka minne kwa sababu mama alimwacha kwa jirani akaenda zake mkoa mwingine miezi minane.

Na mahari? Haihusiani. Eti mi nimetoa ng'ombe kwa hiyo watoto ni wa ukoo wangu. Mila hakimu anaruhusiwa kuzitazama, pamoja na matakwa ya wazazi na ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza, lakini zote zinakaa chini ya maslahi ya mtoto.

Sasa njia yenyewe. Kama mmefunga ndoa huwezi kuamka tu ukaenda kufungua kesi ya talaka, lazima upite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Lipo la kata, Waislamu wengi wanakwenda BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu), Wakristo wapo wanaopita baraza la kanisani. Linakuwa na mwenyekiti na wajumbe kuanzia wawili mpaka watano, mnaitwa wote wawili, mnasikilizwa. Vikao vya wajomba na mashangazi sebuleni ni vizuri, vinasaidia, ila mahakama haivitambui, na hapa ndo watu wengi wanapoteza muda, wanakuja na muhtasari wa kikao cha familia umesainiwa na wazee kumi na moja wanaambiwa na karani rudini barazani.

Barazani usiende kupigana. Mi nilienda nimevimba, nikaongea dakika arobaini kuhusu mama mkwe. Mzee mmoja mjumbe, kavaa baraghashia yake, akanisubiri nimalize, akauliza kwa sauti ya chini "na mtoto yuko wapi sasa hivi baba?" Nikasema Morogoro. Akauliza anasoma shule gani huko? Nikanyamaza. Wakishindwa kuwapatanisha wanawapa hati, watu wanaiita fomu namba tatu, inayosema wamejaribu wameshindwa. Isome kabla hujaondoka, hakikisha ina majina yenu sawasawa kama kwenye cheti cha ndoa, ina tarehe, ina muhuri, na inasema waziwazi baraza limeshindwa kusuluhisha, kwa sababu zipo kesi zimetupwa kwa hati mbovu tu. Halafu usiiweke kabatini ukasubiri hasira zirudi. Ikizidi miezi sita tangu itolewe haifai tena kufungulia kesi, unaanza upya.

Kuna wasiolazimika kupita barazani. Mwenzio kakutelekeza na hujui aliko, au yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita ijayo, au aliitwa barazani akagoma kwa makusudi, au amefungwa maisha au miaka mitano na kuendelea, au ana ugonjwa wa akili usiotibika, au mahakama yenyewe imeona mazingira ni ya kipekee na usuluhishi hauwezekani. Na kama ndoa yenu haijafika miaka miwili unahitaji kwanza ruhusa ya mahakama ndo ufungue kesi ya talaka, na hiyo ruhusa inataka uonyeshe unapata mateso ya kupita kiasi.

Waislamu wenzangu hili tusikilizane. Talaka uliyoandika kwenye karatasi ya daftari ukampa mwanamke, kidini ina mambo yake waulize masheikh, lakini kwenye mali na watoto bado mnahitaji mahakama. Sheria inasema kama baraza limeshashindwa kuwasuluhisha, na baada ya hapo mmoja wenu akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama inatoa talaka. Angalia mpangilio huo, baraza kwanza, talaka baadaye. Wengi tunaanza na mdomo. Kwa Wakatoliki, kanisa kutotambua talaka hakumzuii hakimu kuitoa, ni milango miwili tofauti.

Kesi yenyewe unaweza kufungua Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au hata Mahakama Kuu, ila mtu wa kawaida kama mimi Mahakama ya Mwanzo inatosha, Kiswahili mwanzo mwisho na watu kibao wanajisimamia wenyewe. Unahitaji kuonyesha ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na sheria imetaja mifano kama ukatili wa mwili au wa akili, ugoni, kutelekezwa miaka mitatu au zaidi, na mengine. Kama huna hela ya wakili usikate tamaa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imetambua wasaidizi wa kisheria, wapo mpaka kwenye kata, na kuna mashirika ya msaada wa kisheria kama TAWLA, WLAC, LHRC, pia kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ikipita mkoani kwenu nenda ukapange foleni mapema.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui, matunzo ya mtoto hayahitaji talaka. Wala ndoa. Mama anayeishi kwao na mtoto, baba kakata mawasiliano, anaweza kwenda ustawi wa jamii halmashauri yao leo hii, wakamwita baba wakakubaliana kwa maandishi, ikishindikana ombi linakwenda Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto. Baba akikana mtoto kuna kipimo cha vinasaba (DNA) kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ila unapelekwa kwa barua ya mahakama au ustawi, siyo unaenda mwenyewe na mtoto mgongoni. Na wale mnaosema "sisi hatukufunga ndoa", kama mmekaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii inawajua kama mume na mke, sheria inaichukua ni ndoa mpaka mtu athibitishe vingine.

Kiasi gani? Hapa watu wanapenda sana kupewa namba, sijui ni asilimia ngapi ya mshahara, namba hiyo haipo. Zamani ilikuwepo, ile sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa iliweka shilingi 100 kwa mwezi, mia moja jamani, hata maandazi ya siku moja huipati, ikafutwa na hii ya 2009. Siku hizi mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu mengine waliyonayo, gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo usiende ukasema "naomba laki tatu" ukakaa kimya. Kaa chini na karatasi uandike ada, nauli ya shule, sare, chakula, matibabu, kodi, kila kitu na risiti yake, jumlisha, halafu useme mimi naweza hiki, mwenzangu naomba atoe hiki. Hesabu ya namna hiyo mwenzio akiipinga lazima naye aje na yake. Na kama mwenzio anajifanya hana kazi na unajua ana duka, leta picha za duka, leta shahidi.

Wewe unayetoa, usitoe hela mkononi. Narudia, usitoe mkononi. Tuma kwa simu, kwenye maelezo andika "matunzo mwezi wa tatu", au lipa ada moja kwa moja benki. Mi nilitoa keshi mwaka mzima getini kwa nia njema kabisa, mahakamani ikaonekana sijatoa hata senti, na siwezi hata kumlaumu mama watoto, ningekuwa mimi ningeapa nimepokea? Sijui.

Nikirudi kwa yule afisa ustawi, maana ripoti yake hakimu anaisoma kwa makini sana. Anakuja kwako, anaenda kwa mwenzio, anapita shuleni, anaongea na majirani, na anaongea na mtoto bila nyie kuwepo. Usifanye maigizo. Kuna jamaa alinunua kitanda cha mtoto siku moja kabla, nailoni bado ipo kwenye godoro, afisa kaligusa kacheka. Anachokitafuta ni vitu vya kawaida, mtoto analala wapi na nani, nani anampikia, ukiwa kazini anabaki na nani na huyo mtu jina lake nani, shule iko mbali kiasi gani, umeme wa luku ukikata mnafanyaje. Ukiwa hujui kitu sema sijui, halafu nenda kajifunze kweli. Baada ya siku ile nilienda shuleni nikamjua mwalimu, nikaomba kuona madaftari, nikakuta binti yangu anashindwa kutoa kwa kukopa na mi nilikuwa natangaza mtaani ana akili kama baba yake.

Na usimfundishe mtoto cha kusema. Maafisa wanajua. Mtoto wa miaka sita akianza kusema "mama hana maadili" kila mtu pale anajua hilo neno katoa wapi.

Hukumu yangu ilitoka mtoto akae kwa mama, mimi nitoe matunzo na nimchukue wikiendi mbili kwa mwezi na nusu ya likizo. Niliumia. Ila sheria haijakufuta ukiwa wewe ndo hukupewa, mtoto ana haki ya kumtembelea na kukaa kwa mzazi wa upande wa pili akitaka, ilimradi shule haivurugiki na mahakama haijaona hatari, na hakimu anaweza kuweka masharti ya siku, ya masomo, hata kuzuia mtoto asitolewe nje ya nchi. Omba siku na saa ziandikwe. Ikiandikwa "baba ataruhusiwa kumwona mtoto" bila siku mtagombana mpaka mzeeke. Sisi imeandikwa Ijumaa saa kumi na moja jioni mpaka Jumapili saa kumi na moja jioni, na mahali pa kukabidhiana tumechagua kituo cha mafuta barabarani, pana mwanga, pana watu, hakuna mashemeji.

Hela na kumwona mtoto ni vitu viwili. "Hujatuma humwoni" ni kosa, na "simwoni situmi" ni kosa vilevile, wote wawili mnavunja amri ya mahakama. Mwenzio akigoma kulipa rudi mahakama ileile ukaombe kukaza hukumu, yaani alazimishwe kuitekeleza. Akigoma kukupa mtoto, rudi vilevile, na uwe umeandika tarehe ulizofika ukamkosa, mi nilikuwa napiga picha ya pampu ya mafuta na saa yangu inaonekana. Hali ikibadilika, umehama, umepata kazi, mtoto kakua, unaweza kuomba amri ibadilishwe. Haikuwekwa kwenye jiwe mpaka mtoto afike 18.

Mali nitagusa tu maana ni mada ya siku nyingine. Dada aliyekaa nyumbani akipika na kulea asikubali kuambiwa hakuchangia, Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Na nyumba mnayoishi mmoja hawezi kuiuza bila ridhaa ya mwingine, ukisikia harufu ya dalali wahi ofisi ya ardhi ukaweke zuio.

Hukumu ikisomwa muulize karani siku hiyohiyo mwisho wa kukata rufaa ni tarehe ngapi, usitegemee ya kuambiwa na dereva bodaboda wa nje ya mahakama. Chukua nakala ya hukumu na hati ya talaka, toa kopi tatu, talaka ikasajiliwe RITA (wale wa vyeti vya kuzaliwa na ndoa), kopi moja ya amri ya mtoto mpelekee mwalimu mkuu ili getini wajue nani anaruhusiwa kumchukua siku gani.

Kiatu ni namba 33 sasa hivi, ila vya shule chukua 34, anavaa na soksi nene na muhula ni mrefu.